Ireland ya mashambani: sehemu ambazo basi la watalii halisimami, na jinsi ya kuzipata mwenyewe

#1 Binti_Pangani

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Huu ni mwaka wangu wa saba Ireland. Nahudumia wazee katika mji mdogo wa katikati ya nchi, na kila kiangazi napokea ujumbe ule ule: "Dada, nakuja Ireland siku sita, niende wapi?" Najibu kwa kirefu, halafu baadaye naona picha: mtu kasimama kwenye majabali ya Moher, kabusu jiwe la Blarney, kapita Temple Bar usiku, karudi zake. Sehemu hizo ni nzuri, sizikatai. Ila inaniuma, kwa sababu utamu wa nchi hii umekaa mashambani, nyuma ya ng'ombe na geti la chuma, na mara nyingi hulipi hata senti.

Septemba iliyopita kaka yangu alikuja kutoka Tanga. Ni fundi seremala, mtu wa kushika vitu kwa mkono. Nilichukua likizo tukazunguka siku nane na kigari cha kukodi. Naandika nikiwa bado nakumbuka vizuri, nitashusha kidogo kidogo.

Nianze na kitu kilichonifungua macho, nacho si ramani wala kitabu. Kuna mzee nilikuwa namhudumia, marehemu sasa, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Asubuhi nikimchana nywele alikuwa ananiuliza jana nimepita wapi. Nikitaja mji, ananitajia jina lake la Kiairishi, analivunja vipande viwili, ananieleza kila kipande. Mpaka alipofariki nilikuwa naweza kusoma kibao cha barabarani nikajua nikate kona au nipite.

Vibao vya huku vina lugha mbili. Juu ni Kiairishi kwa herufi za mlalo, chini ni Kiingereza kwa herufi kubwa. Wageni wanasoma cha chini. Wewe soma cha juu. Cha chini mara nyingi ni sauti tu, jinsi wapimaji ramani wa serikali ya Kiingereza walivyolisikia jina na kuliandika. Upimaji ule ulianza 1824, na msomi mmoja, John O'Donovan, alizunguka kijiji kwa kijiji akiwauliza wazee majina ya asili, ndiyo maana mengi hayakupotea.

Ukiona jina limeanza na Kil, mara nyingi ni *cill*, kanisa la kale, basi tafuta magofu. Rath na Lis ni boma la duara la udongo. Dun ni ngome. Tobar au Tubber ni kisima, na kisima kikishapewa jina huku huwa kina mtakatifu wake. Inis au Ennis ni kisiwa, Slieve ni mlima, Knock ni kilima, Lough ni ziwa, Derry ni msitu wa mialoni. Kwa hayo tu tayari una ramani kichwani.

Ya karatasi ukiitaka, nunua zile za Discovery za 1:50,000, mambo ya kale yote yameandikwa kwa rangi nyekundu. Mtandaoni, National Monuments Service wana ramani ya bure yenye nukta kila palipo na boma, kaburi la mawe, kisima au msalaba. Fungua eneo ulilofikia usiku, utashangaa nukta zilivyojaa kuzunguka kitanda chako.

Naendelea baada ya zamu.

#2 Fundi_Mchundo

Dada nimeweka kambi hapa. Niko Dublin mwaka wa tatu, sijavuka hata Kildare. Shusha.

#3 Mwanamisi254

Huu uzi ulihitajika. Mimi niko Galway, nitachangia upande wa huku.

Kabla mtu hajakata tiketi, jambo moja la maana sana kwetu wenye pasi za Kenya, Tanzania, Uganda na jirani. Viza ya Schengen haikuingizi Ireland, Ireland haimo Schengen. Na viza ya Ireland haikuingizi Ireland ya Kaskazini, hiyo ni sehemu ya Uingereza. Mpakani hakuna kizuizi, hakuna mtu amesimama, barabara inaendelea tu na utajua umevuka kwa sababu vibao vya mwendo vimegeuka kutoka kilomita kuwa maili. Lakini kutokuwepo kwa kizuizi si ruhusa. Mabasi hukaguliwa. Binamu yangu aliteremshwa kwenye basi kwa sababu hiyo, na siku zake tatu za matembezi ziliishia hapo. Ukipanga njia ya Donegal au Monaghan angalia ramani ya simu isikupitishe ng'ambo kwa njia ya mkato.

#4 Binti_Pangani

Asante sana Mwanamisi, hilo ningelisahau.

Haya. Siku ya kwanza nilimpeleka kaka Fore, kaunti ya Westmeath. Kwa Kiairishi ni Baile Fhobhair, mji wa chemchemi. Ukisikia jina tu unajua pana maji. Ni bonde la kijani lenye kijiji kidogo, ng'ombe, na magofu ya monasteri. Mtakatifu Féichín alianzisha kituo chake hapa karne ya 7, na baadaye wakaja Wabenedikto wakajenga jengo kubwa la mawe ambalo ndilo unaliona kwanza.

Wenyeji wana maajabu saba ya Fore: monasteri iliyojengwa juu ya kinamasi, kinu kisicho na mfereji, maji yanayopanda mlima, maji yasiyochemka, mti usioungua, mtawa ndani ya jiwe, na jiwe lililoinuliwa kwa maombi. Ukiyasoma nyumbani unaona ni hadithi. Ukifika unayazungukia moja moja kwa miguu, na kila moja lina mahali pake pa kusimama.

Jiwe lililoinuliwa kwa maombi ni lenta ya mlango wa kanisa la Féichín. Kaka alisimama chini yake muda mrefu. Aliipima kwa shibiri, akagonga kwa kifundo cha kidole, akatazama jinsi ilivyokalia miimo bila chokaa ya kuonekana. Akasema, "Hii hawakuinua watu wanne, wala wanane. Na haijacheza." Katikati imechongwa msalaba ndani ya duara, umelainika kwa mvua lakini bado ukipapasa unausikia kwa kidole. Wanasema mafundi walishindwa, Féichín akasali, jiwe likapanda. Kaka alisema fundi yeyote aliyewahi kuinua mzigo ule angesali.

Maji yanayopanda mlima nayo yana siri yake. Ng'ambo ya kilima kuna ziwa Lough Lene, maji yake yanapita chini kwa chini kwenye mawe ya chokaa yanatokea upande wa Fore, kwenye kinu. Ukisimama pale unaona maji yametoka chini ya kilima kana kwamba yameamka usingizini.

Kisha kile kisima cha maji yasiyochemka, na miti iliyofungwa vitambaa. Kaka alinyamaza. Nami siku ya kwanza kufika pale nilinyamaza vile vile. Vitambaa vyeupe, vya bluu, utepe wa nywele wa mtoto, rozari, kamba ya kiatu. Kila kimoja ni ombi la mtu, la maradhi mara nyingi. Waliotembelea mapango ya Amboni kule Tanga wanakijua chumba cha mzimuni, watu wanakoacha sadaka na kuomba. Kaka akaniambia taratibu, "Kumbe na hawa." Hatukugusa kitu. Naomba na ninyi msiguse, na msigongomee sarafu kwenye gome, zinaua mti.

#5 Mzee_wa_Kibanda

Binti umeandika vizuri, lakini niseme ukweli wangu. Nilikwenda Ireland 2019 na mwanangu, tukapelekwa magofu matatu siku moja. La tatu nilikuwa sitofautishi na la kwanza. Mawe, majani, mvua. Moher angalau nilisimama ukingoni nikaona ukuu wa Mungu. Kwa nini mtu mwenye siku chache afuate ukuta uliobomoka?

#6 Binti_Pangani

Shikamoo mzee. Swali lako ni la haki, nami nakubali: magofu matatu siku moja ni kosa. Moja linatosha, na ukae nalo. Sisi Fore tulikaa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa.

Na si kila kitu ni ukuta. Siku ya pili tulikwenda Corlea, kaunti ya Longford, karibu na kijiji cha Keenagh. Katikati ya nchi hii ni vinamasi vipana vya mboji, ule udongo mweusi wanaoukata kama matofali, wanauanika, wanachoma kupasha nyumba moto. Mwaka 1984 wakivuna mboji pale waliikuta barabara ya mbao chini ya tope. Walipohesabu pete za miti wakapata mwaka ambao mialoni ile ilikatwa: 148 kabla ya Kristo. Kipande cha mita 18 kimehifadhiwa ndani ya ukumbi wenye ubaridi na unyevu, mahali pale pale.

Mzee, laiti ungemwona kaka yangu. Alipiga magoti. Mbao za mwaloni zimepasuliwa, hazikupasuliwa kwa msumeno, zimelazwa juu ya magogo membamba yanayokwenda sambamba, na nyingine zimetobolewa kwenye ncha zikapigiliwa vigingi. Alinionyesha kila mahali shoka lilipokula. "Huyu mkono wake mzito," akasema kwenye ubao mmoja, na kwenye mwingine, "huyu alikuwa anajua." Miaka zaidi ya elfu mbili, na fundi anamsoma fundi mwenzake kama kaondoka jana. Halafu mwongozaji akatuambia barabara yenyewe haikudumu hata kizazi. Mbao zilikuwa nzito mno, zikazama ndani ya miaka kumi hivi, na tope hilo hilo lililoizamisha ndilo lililoitunza. Kaka alirudia jambo hilo mpaka usiku.

Hapo hakuna mtu aliyemwambia "njoo uone magofu".

#7 Mzee_wa_Kibanda

Hilo la barabara ya mbao limenigusa. Marahaba. Endelea.

#8 Fundi_Mchundo

Dada, na barabara za huko? Nimeambiwa ni nyembamba mno. Na asiye na gari?

#9 Binti_Pangani

Wanaendesha kushoto kama nyumbani, kwa hiyo hapo una nafuu kuliko Mmarekani. Tabu ni upana. Ukitoka barabara kubwa unaingia njia wanayoiita *bóithrín*, ugo wa miti huku na huku, na katikati ya lami majani yameota. Mkikutana na trekta mmoja wenu anarudi rivasi mpaka penye upenyo. Usisubiri yeye, ukiwa karibu na upenyo rudi wewe. Atakuinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu yao, nawe inua. Kwenye njia hizo ndogo mwendo umeshushwa tangu Februari 2025 kutoka kilomita 80 hadi 60 kwa saa, na hata 60 kona nyingi hazitaki.

Kodi gari dogo kuliko unavyotamani. Na bima soma kila mstari kabla ya kusaini: kampuni moja ilitukata pesa nyingi kwa mchubuko wa tairi ambao bima ya bei ndogo haikugusa. Piga picha gari lote, matairi yote manne na rimu zake, kabla hujaondoka.

Asiye na gari atumie vibasi vya TFI Local Link vinavyounganisha vijiji. Havipiti mara nyingi, kwa hiyo jioni hakikisha umeijua saa ya kurudi kabla ya saa ya kwenda.

Gambuti, koti la mvua, tochi, chupa ya chai. Na jambo kubwa kuliko yote: huku hakuna haki ya kukatiza shamba la mtu. Karibu kila kitu ninachokitaja kimezungukwa na ardhi ya mkulima. Pakiwa na nyumba, piga hodi. Sijawahi kukataliwa. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi, na mbwa abaki garini kwa ajili ya kondoo.

#10 Mwanamisi254

Kwa wanaokuja upande wangu: Kilmacduagh, karibu na mji wa Gort. Dadangu ameshawafundisha, Cill Mhic Dhuach, kanisa la mwana wa Duach. Kuna mnara wa mviringo wa mita 34, mrefu kuliko yote Ireland, na umeinama. Ukiutazama kutoka barabarani unadhani macho yako ndiyo yamekosea. Mlango wake uko zaidi ya mita 7 juu ya ardhi, walikuwa wanapanda kwa ngazi. Ni bure, na mara tatu nilizokwenda nimekuta watu wawili jumla.

Ukitoka hapo nenda Corcomroe, abasia ndani ya Burren, ile nchi ya mawe meupe. Watawa waliiita Maria wa Jiwe Lenye Rutuba. Inua macho kwenye nguzo karibu na madhabahu, wachongaji waliweka majani na maua ya pale pale.

Na swali: kuna mtu anaogopa yale maboma ya duara? Mwenye nyumba wangu hakubali hata kukata tawi la mti ulio ndani ya boma lililo shambani kwake.

#11 Binti_Pangani

Si yeye peke yake. Maboma hayo yako kwa makumi ya maelfu nchi nzima, yalikuwa makazi ya familia na mifugo yao, lakini wazee wanasema sasa yana wenyewe, wale wasioonekana. Mti wa miiba ukiota peke yake katikati ya shamba, trekta linauzunguka. Mwaka 1999 kaunti ya Clare, pale Latoon, msimuliaji hadithi Eddie Lenihan alipiga kelele mpaka barabara kubwa iliyokuwa inajengwa ikauacha mti mmoja wa namna hiyo. Aliyekulia pwani na kusikia mibuyu gani haipigwi shoka ataelewa bila kufafanuliwa.

Nikiwa hapo hapo: Rathcroghan, kijiji cha Tulsk, Roscommon. Hapo ndipo hadithi za kale zinamweka Malkia Medb wa Connacht. Juu unaona vilima vya udongo na kondoo tu. Lakini shambani kuna shimo chini ya mti, Uaimh na gCat, pango la paka, na simulizi za zamani zinasema usiku wa Samhain, mwisho wa Oktoba, viumbe vya upande wa pili vilitokea humo. Tuliingia na mwongozaji wa kituo cha pale, na nashauri mfanye hivyo. Unaingia kwa kukaa, miguu mbele, chini ya jiwe lenye mikwaruzo ya ogham, maandishi yao ya kwanza, iliyolitaja jina la Fraech mwana wa Medb. Kisha tope linakuteremsha. Ndani pamenyooka, dari iko juu, na ni pembamba kama uchochoro wa Mji Mkongwe. Mwongozaji akasema tuzime tochi. Giza lile sijawahi kuliona popote. Nilisikia tone moja la maji, kimya, tone lingine, na kaka akisoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya chini. Nikaisoma naye.

Loughcrew, Meath, nitaipitia haraka: Sliabh na Caillí, mlima wa bikizee, makaburi ya mawe ya zaidi ya miaka 5,000 juu ya vilima. Tulipokwenda geti la kaburi kubwa lilikuwa limefungwa, unachungulia. Siku ambazo usiku na mchana ni sawa, Machi na Septemba, jua likichomoza linaingia hadi jiwe la nyuma. Bikizee huyo huyo utamkuta tena kusini kabisa, rasi ya Beara, ni jiwe linalotazama bahari karibu na Eyeries, watu wanaliachia sarafu na kauri. Kells ya Kilkenny (si ile ya Meath yenye jina la Kitabu cha Kells, Injili ya kale) ina monasteri yenye ukuta na minara saba, kondoo ndio wenyeji, na ni bure.

#12 Fundi_Mchundo

Kati ya zote ipi ilikukaa zaidi?

#13 Binti_Pangani

Doolough, kaunti ya Mayo. Nimeichelewesha makusudi.

Jina linasema lenyewe: Dubh Loch, ziwa jeusi. Ni barabara ya R335 kutoka Louisburgh kwenda Delphi, milima imebana pande zote, na maji kweli ni meusi. Machi 1849, njaa ya viazi ikiwa mwaka wa nne, watu wenye njaa walikusanyika Louisburgh kukaguliwa ili waendelee kupata chakula cha msaada. Wakaguzi walikuwa wameshaondoka kwenda Delphi, na watu wakaamriwa wafike huko kesho yake asubuhi. Walitembea usiku, kwenye baridi, kilomita karibu 20. Walipofika walirudishwa mikono mitupu. Wengi wakafia kwenye njia hiyo ya kurudi.

Kuna msalaba wa jiwe kando ya barabara, mfupi tu. Kila mwaka watu hutembea njia ile kuwakumbuka, na mwaka 1991 Askofu Mkuu Desmond Tutu aliitembea pamoja nao, Afrika Kusini ikiwa bado chini ya ubaguzi.

Lakini kilichonishika si msalaba. Ukitazama vilima vya Mayo jua likiwa limelala, saa za jioni, utaona mistari imepanda mlimani, sambamba, mpaka juu ambako leo hakuna nyumba. Kaka aliuliza, "Nani analima kule?" Hakuna. Ni matuta ya viazi ya watu wa wakati ule. Majani yameyafunika lakini matuta hayajalala. Sisi tunajua tuta. Tunajua jembe linavyochota udongo kulia na kushoto. Mtu aliinua tuta lile kwa mikono akapanda, kiazi kikaoza ardhini, na yeye akafa au akapanda meli. Mwaka 1841 kisiwa hiki kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Mpaka leo, kusini na kaskazini pamoja, hawajarudi idadi ile.

Yule mzee mwalimu alikuwa mtu wa Mayo. Alinieleza matuta kabla sijayaona.

#14 MtuWaFizi

Dada, jina langu si la hapa karibu, mimi ni wa Kivu Kusini, niko Cork na familia miaka mitano. Nimesoma uzi wote na watoto. Nauliza: kuna pahali katika Ireland ambapo Kongo inatajwa? Wanangu wanauliza sisi tunaingia wapi katika historia ya hapa.

#15 Binti_Pangani

Ndugu yangu, papo, na si mbali nawe sana. Nenda Kerry.

Roger Casement, mzaliwa wa Dublin, 1864. Alikuwa konseli wa Uingereza Kongo, na mwaka 1903 alipanda mto akasikiliza watu wenyewe wakieleza walivyotendwa kwa ajili ya mpira (ule utomvu wa miti) wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji: vijiji vilivyochomwa, mikono iliyokatwa. Ripoti yake ilitoka 1904, na ni moja ya sababu zilizomfanya Leopold aachie Kongo mwaka 1908. Kisha Casement akageukia nchi yake mwenyewe. Alfajiri ya Ijumaa Kuu, 21 Aprili 1916, alishuka kutoka nyambizi ya Wajerumani kwenye ufuo wa Banna Strand akitaka uasi dhidi ya Waingereza uahirishwe, kwa kuwa aliona msaada wa Wajerumani hautoshi. Alikuwa mgonjwa, amelowa. Akajificha ndani ya boma la duara karibu na Ardfert, wanaliita McKenna's Fort. Polisi wakamkamata humo siku ile ile. Alinyongwa London tarehe 3 Agosti 1916, na mifupa yake ilirudishwa Ireland 1965.

Ufukweni pana mnara wa kumbukumbu, wengi wanauona. Kwenye boma wachache wanafika. Kutoka Tralee shika R551 kwenda Ardfert, ukifika uliza *Casement's Fort*, utaonyeshwa.

#16 MtuWaFizi

Dada, nimefika. Jumamosi, peke yangu kwanza, nione njia kabla ya kupeleka watoto.

Ardfert niliuliza mama mmoja akitoka dukani. Alinipa njia, kisha akauliza natoka wapi. Nikamwambia Kongo. Aliniangalia kidogo, akaweka mifuko yake chini, akasema atanitangulia na gari yake kwa sababu nitapotea. Akanitangulia.

Boma ni tuta la udongo la mviringo, miti imeota juu yake, ndani ni majani marefu, na jiwe la kumbukumbu. Palikuwa na upepo wa bahari. Nilikaa ndani chini ya tuta, pahali mtu angekaa kama anajificha, nikaona kutoka pale huoni barabara, unasikia tu. Nikafikiria aliyeandika majina ya watu wetu, anasikiliza farasi na sauti za polisi.

Shuleni kwetu tulisoma mpira na mikono. Jina la huyu hatukusoma.

Tarehe 21 Aprili nitawaleta watoto wote watatu. Nani yuko upande wa kusini tuongozane?

#17 Mwanamisi254

Nitateremka kutoka Galway na mume wangu. Tukutane Ardfert mbele ya magofu ya kanisa kuu, saa tano asubuhi.

#18 Fundi_Mchundo

Nami nakuja, nitapanda treni mpaka Tralee. Atakayekuwa na nafasi ya mtu mmoja garini anitumie ujumbe.

#19 Binti_Pangani

Siku hiyo niko zamu ya usiku, nitaomba kubadilishana. Nikipata, chai na maandazi nabeba mimi. Fundi, vaa gambuti.